Jina litakalokuja

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Ujumbe huu wa matapeli kila mwenye laini Tanzania anaujua, na vijana tunaucheka. Jioni hii nimejaribu kuusoma kama angeusoma mzee anayedaiwa na fundi, na kicheko kimenikauka. Unatumwa kwa watu wengi mno, kisha unamngoja yule mmoja ambaye leo kweli alikuwa na hela ya kutuma. Ujanja wote uko kwenye mkia. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji, na hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kushtuka. Tapeli kaishalitaja mapema. Jina geni likitokea, mzee anaona mambo yanakwenda kama alivyoambiwa.

Wanaopiga ni wabaya zaidi, maana wana adabu. "Shikamoo mama, mwanao kaanguka shuleni." Au: "Samahani baba, nimekosea, laki mbili zimeingia kwako, nirudishie." Hili la pili hutanguliwa na ujumbe bandia wa kupokea pesa. Ukiuangalia vizuri, umetoka kwenye namba ya mtu, si kwa jina la huduma. Lakini mwenye kitochi na mtoto wa jicho ataona wapi tofauti hiyo? Ndiyo maana siamini sana kuwakaririsha wazee dalili za ujumbe feki. Afadhali wajue jambo moja: hela haipo mpaka salio liseme ipo. *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, aangalie mwenyewe. Na kama kweli imeingia, asiirudishe kwa mkono wake. Aliyekosea apige kwa mtandao wake aombe muamala urudishwe, la sivyo mzee anaweza kurudisha, kisha mtandao nao ukaikata kwake tena.

Kwa simu za dharura, akate, kisha ampigie mwalimu au mtoto kwa namba iliyokuwepo kwenye simu yake tangu zamani. Namba hizo ziandikwe pia kwa maandishi makubwa, zibandikwe ukutani. Akisikia "usikate simu, mama", hapo hapo akate. Huduma kwa wateja ni 100, na hakuna mfanyakazi anayehitaji namba ya siri ya mteja.

Watoto nao wana kazi. Laini inayojulikana kanisani, msikitini na kwenye kikoba isiwe ndiyo iliyounganishwa na akaunti ya pensheni. Aliyejiunga na Songesha, mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha muamala salio lisipotosha, anaweza kutapeliwa hata asichokuwa nacho, akabaki na deni. Halafu piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Wasajili wa barabarani wana mchezo wao: "Kidole hakijasoma mzee, weka tena." Kidole cha pili kinaweza kusajili laini nyingine kwa jina lake, na ikaishia kwa matapeli.

Kinachonikera kuliko vyote ni sisi wenyewe. "Mama, na wewe!" Mzee aliyewahi kuambiwa hivyo, safari ijayo atanyamaza hadi kesho, na kesho hela imeshatolewa kwa wakala. Hapo mtandao hauna cha kuzuia. Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa hiyo aulizwe maswali mawili tu, ametuma kwa namba gani na saa ngapi, mengine baadaye. Pigeni 100 mkiwa na namba ya muamala, ombeni hela izuiwe kwa mpokeaji. Namba ya siri ibadilishwe kama aliitaja. Polisi wanafuata, mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu kituoni, na namba ya tapeli iripotiwe kwa ujumbe kwenda 15040. Mzee akitaka kufuta meseji zile kwa aibu, mzuieni: ndizo ushahidi.