Chupa ya matone imeisha mapema na jicho bado jekundu

Tatizo hili Lamu si geni: mgonjwa katolewa mtoto wa jicho, chupa ya prednisoloni ya asilimia 1 (steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa jicho) imekwisha kabla ya tarehe, na jicho lingali jekundu. Mara nyingi kasoro iko kwenye utiaji.

Prednisoloni asetati hutuama chini ya chupa. Isipotikiswa vizuri kila mara, jicho hupata maji yenye dawa kidogo. Tena tone moja latosha, la pili huishia shavuni. Nawa mikono kwa sabuni, lala chali, vuta kope ya chini, dondosha bila ncha kugusa jicho wala kope. Fumba taratibu, ukibonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika 2, ama sivyo dawa hushukia kooni (ile ladha chungu ndiyo hiyo). Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika 5.

Ukiandikiwa mara 4 kwa siku, fuata alfajiri, adhuhuri, alasiri na isha, ila maji ya udhu yasiingie jichoni. Likitulia usiache ghafla: daktari hupunguza matone hatua kwa hatua, kwani uvimbe huweza kurudi. Wala usijiongezee chupa dukani, maana steroidi yaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya. Iliyofunguliwa kwa kawaida hutupwa baada ya siku 28, hata ikibaki nusu.

Maumivu yakizidi, usaha ukitoka au uoni ukififia, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni kupanda boti kutoka Faza, kisiwani Pate.