Krimu yote ilikuwa inanyonywa na ndama

Siku nilipomwingiza bandani mtamba wangu wa Jersey, aina ya ng'ombe wa maziwa mwenye mwili mdogo, jirani alikuja kumwona. Akamzunguka mara mbili, akaniambia, "Dada, kwa hela hiyo ungepata ng'ombe wa Friesian mwenye kiwele kama ndoo. Huyu atakutosha chai ya watoto." Shemeji naye akakazia hapo hapo. Kwetu Rungwe ng'ombe husemwa kwa lita. Ukikutana na mfugaji mwenzako njiani kwenda Kiwira, salamu haijaisha ameshakuuliza unakamua ngapi.

Mimi sikufuata lita. Nilikuwa nimezungumza na mama mmoja wa Tukuyu mjini anayeuza mtindi na samli, nikamkuta analalamika. Wateja wake wamebadilika. Zamani walitaka maziwa mengi kwa bei ndogo, sasa mtu anafunua kopo la mtindi, anatafuta utando wa njano juu, asipouona anarudisha kifuniko na kwenda zake. Wenye migahawa wanataka maziwa yanayoshika malai. Samli wanamwagiza mpaka watu wa Mbeya na hana. "Mwanangu," akaniambia, "maziwa ninayoletewa yamekaa kama maji ya mchele. Nitafutie yenye mafuta, bei tutaelewana."

Ndipo nikaanza kuulizia Jersey. Maziwa ya Friesian huwa na mafuta kama asilimia 3.5 hadi 3.8, ya Jersey yanakaribia 5. Kwa mtu wa samli, lita kumi na tano za Jersey zinalingana na ishirini za yule mwingine. Tena Jersey ana mwili mdogo, kilo mia nne na kitu, wakati Friesian anafika mia sita na kuzidi. Anayekata majani ya tembo bondeni na kupanda nayo kilima kichwani anajua maana ya kilo mia mbili za ng'ombe zisizokuwepo.

Basi mtamba wangu akazaa, dang'a ikaisha, nikampelekea mama wa Tukuyu maziwa ya kwanza kwa fahari. Baada ya siku tatu akaniita. Hakugomba, aliniuliza kwa upole tu: "Mwanangu, huyu ni Jersey kweli?" Mtindi ulikuwa na krimu kidogo sana. Nilirudi nyumbani nimeishiwa nguvu.

Ushauri ukamiminika. Uliokuja na sauti kubwa kuliko wote ulikuwa huu: mwongezee pumba na mahindi, mafuta hutokana na shibe. Nikaongeza. Nikapunguza majani, nikamjazia hori pumba, mahindi yaliyoparazwa na mashudu, hela ikatoka kama ya ada ya shule. Lita zikapanda kweli, karibu mbili kwa siku, na jirani akanipongeza. Krimu ikazidi kuwa nyembamba. Nilikwenda hivyo karibu mwezi mzima nikidhani bado hajashiba, mpaka kinyesi kikawa uji mtupu na ng'ombe akaacha kucheua vizuri. Mtaalamu wa mifugo wa kata ndiye aliyenifungua macho. Mafuta ya maziwa, akasema, kwa sehemu kubwa hutengenezwa kutokana na majani: vijidudu vya tumboni huchachusha nyuzinyuzi, kinachotoka hapo ndicho kiwele hugeuza kuwa mafuta. Ukimjaza wanga na kumnyima majani, unapata maziwa mengi mepesi. Aliyenishauri pumba hakuwahi kumwona Jersey akikamuliwa, nami nilimsikiliza kwa sababu anafuga ng'ombe sita!

Nikarudi kwenye majani: ya tembo, guatemala, desmodiamu kidogo, pumba kiasi wakati wa kukamua. Migomba nampa ya kupozea kiu tu, maana mgomba ni maji. Krimu ikapanda, lakini bado haikufika pale nilipoitaka.

Jibu nililipata bila kulitafuta. Jioni moja mwanangu alichukua glasi, akakinga maziwa ya mwanzo kabisa ili anywe, kisha akaitwa akayaacha juu ya kabati. Nami nilipokuwa namalizia, nikakinga glasi nyingine ya yale ya mwisho, yale unayoyabana chuchu kwa vidole viwili, kwa ajili ya mama mkwe anayependa chai nzito. Hakuja. Usiku wa Tukuyu ni baridi kama unavyojulikana, glasi zote mbili zililala pale pale. Asubuhi nilizikuta zimesimama sambamba. Ya kwanza juu ilikuwa na mstari wa njano mwembamba kama ukucha, na chini maziwa yamekaa na rangi ya bluu kwa mbali. Ya pili, krimu ilikuwa imeshuka vidole viwili na nusu, njano kama kiini cha yai. Ng'ombe yule yule, jioni ile ile, ndoo moja.

Nilikaa chini. Nikakumbuka ninavyokamua kila siku: nakamua mpaka naona yamepungua, halafu namfungulia ndama amalizie. Tulifundishwa hivyo, ndama ni msafishaji wa kiwele. Kumbe chembe za mafuta hubaki nyuma ndani ya kiwele na hushuka na maziwa ya mwisho. Nilikuwa nauza yale ya bluu, ndama ananyonya samli. Na alikuwa amenona kweli, anang'aa.

Sasa ndama anaanza yeye, dakika moja tu, ili mama yake ateremshe maziwa. Kisha namfunga mbele, pale mama anapoweza kumlamba. Chuchu tatu nazikamua mpaka tone la mwisho, moja namwachia ndama yote, na nazibadilisha kwa zamu. Lita zimepungua kidogo. Wiki hiyo hiyo mama wa Tukuyu aliniongezea mia mbili kwa kila lita kabla sijamwomba.

Ugomvi mmoja ulibaki. Siku mama wa Tukuyu alipokuwa amejaza, nilipeleka maziwa kwenye kituo kimoja cha kukusanyia. Yalikuwa ya jioni, yamelala kwenye keni. Kijana akachota juu juu, akatumbukiza laktomita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa, ikasoma chini ya 28. Mbele ya watu wote akaniambia nimetia maji. Mafuta ni mepesi kuliko maziwa, na juu ya keni lililolala kuna krimu tupu, lazima kipimo kizame. Nilimwomba akoroge keni zima apime tena. Hakutaka. Nikachukua kijiti chake mwenyewe nikakoroga hadi chini, akapima, ikasoma 30. Hakusema samahani. Siku hizi nakoroga mwenyewe kabla sijashusha keni kichwani.

Na mwenye Jersey awe na namba ya daktari wa mifugo karibu na siku za kuzaa. Hawa hupatwa na homa ya maziwa, yaani kuishiwa kalsiamu mwilini, kuliko wengine. Wangu baada ya uzao wa tatu nilimkuta amelala, shingo ameikunjia ubavuni, masikio ya baridi. Alitiwa dripu ya kalsiamu polepole, akasimama kabla chai haijaiva.

Nakamua saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Ya alasiri ni machache, lita nne au tano, lakini yamekaa muda mfupi kiwelini na yana mafuta zaidi. Hayo naweka kwenye keni dogo, nimelifunga uzi mwekundu shingoni. Mama akiliona kwa mbali, hupeleka moja kwa moja kwenye samli.