Navyofuatilia muvi mpya na matamasha nikiwa Chuga, yaani Arusha, na navyoandika rivyu zangu

Asa naomba nijibu mara moja hili swali, maana machalii wa huku wananiuliza kila siku, kwamba wewe unakaa Sakina, hizo muvi unazoziandika unazionea wapi wakati nyingine hata Dar hazijafika. Jibu ni refu kidogo ila halina ajabu yoyote. Hakuna mtu wa Hollywood ananitumia kitu wala sina mjomba Marekani, ni kalenda, uvumilivu, na kutoona aibu kuomba.

Kalenda ndo mama wa yote. Muvi nyingi zitakazoongelewa mwaka mzima hazianzii kwenye ukumbi wa mall, zinaanzia kwenye matamasha, na matamasha yana msimu kama mahindi. Berlin mwezi wa pili, Cannes wa tano, Venice mwisho wa wa nane kuingia wa tisa, alafu Toronto inadaka hapo hapo wa tisa. Kwa Afrika kuna FESPACO kule Ouagadougou ambayo inafanyika mwaka mmoja inaruka mmoja, kuna Carthage ya Tunisia, kuna Durban, na letu sisi ZIFF pale Unguja. Orodha ya muvi zilizochaguliwa ikitoka mi naipitia yote hata kama ni ndefu, natafuta kwanza za Afrika Mashariki, alafu za Afrika nzima, wazungu baadae, naandika kwenye daftari jina la muvi, jina la dairekta na mwezi. Basi. Muvi ikionyeshwa Cannes mwezi wa tano ukategemea kuiona wa sita unajitesa bure, sababu bado inazunguka matamasha mengine, inatafuta wa kuinunua, ikinunuliwa ndo uanze kusubiri iingie kumbini au kwenye mitandao ya kulipia, na hapo mwaka unaweza ukaisha. Kwa hiyo daftari langu la mwaka jana ndo menyu yangu ya mwaka huu. Toka nianze kwenda hivo presha ya kuwa wa kwanza kuandika iliisha kabisa, wa kwanza waache wawe wa kwanza, msomaji wangu wa Ngarenaro anataka kujua kama hela yake na bando lake vitaenda bure, hana shida na nani alitangulia.

Kwenye mall naenda, usifikiri nadharau, ila pale ni masupahiro na muvi za kihindi, na naenda katikati ya wiki jioni mapema kabla hawajaja wenye madeti yao na simu zinazowaka taa. Muvi kubwa yenye sauti nzito usiiangalie kwenye simu alafu ukaja kuniambia mbaya, hujaiona bado.

Alafu kuna kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea muvi. Hapa watu wananicheka ila mi nakaa benchi la nyuma pale Unga Limited na wenzangu kama kawaida, joto, jasho, karanga, na najifunza kitu ambacho ukumbi wa mall hauwezi kunipa, watu wa kibanda hawana adabu ya kunyamaza. Muvi ikianza kuzunguka zunguka utasikia "oya peleka mbele!", steringi akifanya ujinga anatukanwa papo hapo, na dogo wa miaka kumi anajua kabisa huyu mtu aliyepigwa risasi hajafa sababu hawajamwonyesha uso. Huko ndo nilikoanza kuangalia watu badala ya skrini peke yake. Na wengi tumekulia kwenye mikanda ya kutafsiriwa, marehemu Lufufu anapiga stori juu ya muvi ya kichina mpaka unasahau waigizaji wanasema nini, na mi nasema waziwazi kuna mikanda ambayo Lufufu aliifanya nzuri kuliko ilivyotengenezwa. Ila hiyo ni kazi nyingine ya mtu mwingine, ukiandika rivyu ya muvi andika ya muvi.

Njia ya tatu ndo wengi hawaijui, unaomba. Dairekta wa muvi fupi au wa documentari hana kampuni kubwa nyuma yake, mara nyingi barua pepe yake iko wazi kwenye ukurasa wa muvi au wa tamasha. Namwandikia mistari michache tu, mi ni nani, niko Arusha Tanzania, naandika kwa Kiswahili, naomba kuiona, na nasema siku nitakayoandika. Hawa watu Kiswahili kinawafurahisha sana, sababu wanapata rivyu za Kiingereza na Kifaransa ila ya lugha yetu hamna. Wengine hawajibu, sawa. Wanaojibu wanatuma linki yenye paswedi, na mara nyingi jina langu linapita pita kwenye picha ili ikivuja ijulikane imevuja kwa nani. Naiweka kwa bando la usiku, naangalia na hedifoni. Matamasha mengine yana maonyesho ya mtandaoni, hiyo ilishika kasi 2020 wakati wa korona, ila ujiandae kukutana na ile "haipatikani katika nchi yako", hapo unafunga kompyuta unaenda kulala, hamna namna.

Sasa kuangalia kwenyewe. Simu sishiki, kabisa. Nina kijidaftari kidogo kile cha dukani cha kuandikia madeni, naandika gizani bila kuangalia, herufi kubwa, wazo moja kwa ukurasa, kidole gumba cha kushoto kinaonyesha mstari ulipo. Siandiki stori, stori ntaikumbuka tu. Naandika vitu vya ajabu ajabu ambavyo kesho ningevisahau, mtu wa mbele kacheka wapi, wapi watu wamewasha simu, mlango ulifungwa kwa sauti gani, kwa nini mama hajawahi kuonyeshwa akiwa amekaa. Muvi ikiisha natoka nje, kabla sijaongea na mtu yeyote najirekodi voisi dakika chache nasema nimejisikiaje, sababu ukishasikia maoni ya wenzako hutaweza tena kujua yako yalikuwa yapi. Jioni au kesho yake naisikiliza voisi na daftari mkononi, ndo nachapa.

Na sitoi nyota. Nyota nne maana yake nini kwa mtu wa Kwa Mrombo? Mi nasema lipa, au subiri, au bando la usiku linatosha. Na siongei kitu chochote cha baada ya nusu saa ya mwanzo, hata uniloge.

ZIFF nayo nizungumzie vizuri maana ndo shule yangu. Limeanza 1998, liko Mji Mkongwe na kwa miaka mingi onyesho kubwa la usiku limekuwa Ngome Kongwe, nje kabisa, unakaa kwenye ngazi za mawe mbingu juu. Toka Arusha ni safari, basi la alfajiri unafika Dar umechoka umekunjika, unalala kwa ndugu, asubuhi boti kama masaa mawili ndo unashuka Malindi. Nilijipanga kwa kuweka hela kidogo kidogo kwenye simu mwaka mzima na kulala kwa shangazi wa rafiki yangu kule Ng'ambo, hoteli za Mji Mkongwe msimu ule zina bei ya mtalii. Ushauri wangu kwa anayetaka kwenda, ratiba usiifuate yote, haiwezekani, muvi zinagongana saa moja kumbi tofauti na utakimbia kwenye vichochoro mpaka upotee. Mi nachagua kwa sheria moja, naenda kwenye ile ambayo nikiikosa hapa sitaipata tena. Muvi yenye jina kubwa itanikuta Arusha siku moja, lakini muvi fupi ya kijana wa Pemba au wa Kampala ikishatoka pale inapotea. Alafu Ngome Kongwe ni nje, upepo unabeba sauti, maongezi ya kunong'ona unayakosa, adhana inaingia katikati ya mapenzi, na hiyo lazima uijue wakati wa kuandika, usije ukamlaumu fundi sauti wa watu kumbe ni upepo wa Forodhani. Ikinigusa ila sauti imenitatiza namtafuta dairekta pale pale nje, wako wanakula urojo kama wewe, naomba linki niirudie nyumbani.

Vuta N'kuvute ndo muvi iliyonifundisha kuandika kwa watu wenye maoni tayari. Amil Shivji kaiongoza, ikaanza kuonyeshwa Toronto 2021, na 2022 Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, ambayo ni mara ya pili tu kupeleka muvi, ya kwanza ilikuwa Maangamizi mwaka 2001. Asa nusu ya wasomaji wangu walisoma riwaya ya Adam Shafi, ile muvi ilikotoka, kwa ajili ya mtihani wa fomu siksi, wana hasira nayo, wana notisi zao, wanataka kila tukio liwemo. Nikaamua sitalinganisha hata mstari mmoja. Nikaandika kuhusu mvua, kuhusu vyumba vyenye giza na mwanga wa dirishani, kuhusu Yasmin na Denge wanavyoangaliana bila kusema kitu, na kwamba ni muvi ya polepole, ukija unataka mkikimkiki wa wapigania uhuru na mkoloni utasinzia. Nikasema lipa. Walionitukana walikuwepo ila waliotoka kuitafuta walikuwepo pia, na mwalimu mmoja wa Kiswahili aliniandikia kwamba kaitumia darasani, hiyo ilinifurahisha kuliko kitu chochote.

Ya zamani naandika pia, siku za njaa hakuna mpya. Kuna Hatari! ya 1962, ya Howard Hawks, John Wayne ndani, ile iliyopigwa huku kwetu, na wale wanyama walikuwa wanakimbizwa na kukamatwa kweli, waigizaji wenyewe wako juu ya magari. Yule Mjerumani Hardy Krüger alipapenda mpaka akanunua shamba Momella. Nikampelekea babu mmoja jirani yangu kwenye laptopu, shikamoo babu, leo nimekuletea mkanda wa zamani. Stori yenyewe hakuwa nayo habari kabisa, mapenzi ya John Wayne hakuyaona. Ila ilivyofika karibu na mwisho vile vitoto vya tembo vinakimbia mjini akashtuka, "Rudisha nyuma mjukuu wangu, rudisha pale walipopita," nikarudisha, akataka tena, anaangalia maduka na barabara, ananitajia nani alikuwa anauza nini, tembo hata hawaoni. Rivyu yangu yote niliijenga kwenye hiyo, nikaandika mji ulioko nyuma ya waigizaji na Waafrika wanaopita nyuma wamebeba vitu bila kupewa hata jina. Toka hapo kila muvi naangalia nyuma ya steringi kuna nani.

Iliyonichukua muda kuliko zote ni The Empty Grave, documentari ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, ilionyeshwa Berlin 2024. Inahusu familia za Kitanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao waliouawa na Wajerumani yakabebwa kupelekwa Ujerumani, familia ya Mbano ya Songea, na huku kwetu familia ya Kaaya ya Meru wanaomtafuta babu yao Lobulu. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake akiwemo huyo Lobulu, hii wengi tunaijua kwa juu juu toka shule. Nimeiona usiku, asubuhi nikajaribu kuandika nikaona naandika kama gazeti, tarehe na Berlin na makumbusho. Nikafunga, nikapanda daladala mpaka Tengeru kwa rafiki yangu Mmeru, nikamuuliza tu nyumbani kwenu hii habari inasemwaje. Akaniambia kwetu haisemwi kama historia, inasemwa kama deni, kuna mtu hajazikwa. Tukakaa mpaka chai ikapoa. Nilivyorudi nikaandika kuanzia kaburini kwenda Berlin badala ya Berlin kuja kaburini, na nikasema pia nisichokipenda, kwamba upande wa Songea umepewa nafasi kubwa na mi nilitaka kukaa Meru zaidi, kuona zile migomba, kuona wazee wanabishana. Huenda ni upendeleo wa mtu wa huku, nikaandika hivyo hivyo kwamba huenda ni upendeleo.

Bongo muvi za siizoni za kwenye ving'amuzi siandiki, naomba msinilazimishe, siwezi kuhukumu kitu ambacho hakijaisha na hakina mpango wa kuisha. Muvi kamili ya Mtanzania nitaandika muda wowote, na sauti ikiwa mbovu nasema sauti mbovu, sababu kamera siku hizi wote tunazo nzuri ila maiki bado watu wanaona ni gharama ya bure.

Alafu wale mnaokuja na flashi mkononi mkitaka niwawekee zile nilizotumiwa na linki, jibu ni hapana na litabaki hapana hata kwa ndugu. Jina langu linapita katikati ya skrini kila baada ya dakika chache, mnataka nifungiwe milango yote kwa ajili yenu? Daftari njooni niwaonyeshe, hilo halina paswedi.