Kigasha kinapobanwa

Maembe yameanza kuiva Mombasa, watoto wako mitini, na fikira zangu usiku huu ziko kwa yule wa miaka mitano au saba anayeanguka ametanguliza mkono, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kisugudi, yaani kiwiko. Hapo ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu iendayo kigashani, sehemu ya mkono kati ya kisugudi na kifundo.

Mfupa wenyewe utaunga. Wa kuogopewa ni msuli. Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Damu na maji vikivuja humo, shinikizo hupanda hadi damu mpya haipenyi. Ukizungushia plasta nzima, ile ngumu ya kushika mfupa, au mabanzi na kitambaa cha kukaza ilhali mkono bado unafura, umejenga ukuta wa pili. Kisugudi kilichokunjwa kupita nyuzi 90 hubana zaidi. Baada ya saa 6 hivi msuli huanza kufa usirudi, ukawa kovu, na kovu hujikunja.

Mpigo kwenye kifundo cha mkono umewahadaa wengi. Waweza kuupata safi, vidole vina joto, kumbe mishipa midogo ndani imekwisha zibwa. Bora ushike ncha ya kidole cha kati, ukinyooshe taratibu. Mtoto akilia kwa uchungu wa ndani ya kigasha, si pale palipovunjika, hiyo ni dalili tosha. Ganzi huja baadaye. Usiingoje, wala usingoje alfajiri ati kivuko kina foleni.

Plasta ipasuliwe urefu wote, pamoja na bendeji na pamba, hadi ngozi ionekane. Hapa wengi huishia njiani: pamba iliyolowa damu ikakauka hubana kama plasta. Kisugudi kilegezwe, mkono ulale usawa wa moyo. Ukiinuliwa juu, damu inayofika hupungua. Kukanda, hapana kabisa. Maumivu yasipotulia upesi, ni thieta, chumba cha upasuaji, utando upasuliwe, na kidonda kiachwe wazi kwa siku kadhaa.

Uliochelewa ndio mkono alioueleza daktari Mjerumani Richard von Volkmann mwaka 1881. Kunja kifundo, vidole vinanyooka. Nyoosha kifundo, vinajikunja vyenyewe, kama vya baharia aliyeshika kamba ya tanga; msuli umefupika, hautoshi kufika kotekote.