Kumbukumbu ya mradi: kusaka kilele cha chumvi kwenye sabuni ya maji

Kila anayetengeneza sabuni ya maji mtaani anaijua kanuni hii: ikiwa nyepesi, ongeza chumvi. Hata muuzaji wangu wa kemikali ndivyo anavyoshauri. "Kaka, wewe tupia tu chumvi mpaka ishike." Kanuni ni ya kweli, ila ina mwisho wake, na ukiuvuka mambo yanageuka. Mradi huu ni wa kutafuta mwisho huo, yaani kilele cha uzito, uko wapi kwa slesi (kemikali kuu ya kusafisha na kutoa povu) ninayonunua mimi, na kuelewa kinachotokea ndani ya ndoo.

Viungo vingine vya kawaida vya sabuni ya maji, yaani salfoniki, magadi na glisirini, nimeviweka pembeni kwa makusudi. Huwezi kuijua kazi ya chumvi wakati vitu vitano vinagombania kazi ileile. Ndoo ya majaribio ina maji na slesi tu, gramu 150 kwa kila lita.

Kuyeyusha slesi

Hapa ndipo wengi wanapochoka kabla hata ya kuanza. Slesi inauzwa ikiwa ute mzito wenye takriban asilimia 70 ya kemikali yenyewe. Ukiimiminia maji kidogo unategemea ilegee, kumbe ndiyo kwanza inakaza: inakuwa jeli, mabonge yanaganda kwenye mwiko na mkono unauma. Kwenye asilimia 70 molekuli zimelala tabaka juu ya tabaka, na tabaka zinateleza. Maji yakiingia kidogo, zinajipanga upya kuwa fito ndefu zilizobanana bega kwa bega, na fito hizo hazitelezi. Inabidi ushuke mpaka asilimia 30 hivi ndipo utulivu urudi.

Kwa hiyo usitie maji kwenye slesi, tia slesi kwenye maji yote kwa mkupuo, funika, nenda kalale. Asubuhi imeyeyuka yenyewe. Anayeipiga kwa mwiko anavuna povu, na povu linavuruga vipimo.

Kupima mnato

Mnato ni uzito wa kimiminika kinapotiririka. Maabara sina. Nina chupa ndefu inayoonyesha ndani, gololi ya baiskeli na simu. Nadondosha gololi, narekodi video, kisha naangalia imechukua muda gani kutoka alama ya juu hadi ya chini.

Bila chumvi gololi inagonga kitako cha chupa kabla hujapepesa. Gramu 10 kwa lita, hakuna jipya. Gramu 20, hakuna jipya pia, na hapa ndipo mtu asiye na subira anapotupia kilo nzima. Gramu 30 ikaanza kusitasita. Kati ya gramu 40 na 50 mambo yakabadilika kabisa: unaifuata gololi kwa kidole ikishuka. Nilipofika gramu 60 ikaanza tena kukimbia, na gramu 80 zikairudisha karibu na wepesi wa mwanzo. Nilipoendelea kumwaga zaidi ya hapo, ikaingia ukungu, dalili kwamba inataka kukatika, yaani slesi kujitenga na maji.

Kitu kilichonifurahisha zaidi hakikuwa kwenye video. Karibu na kilele, zungusha chupa kwa nguvu kisha isimamishe ghafla, huku ukiangalia viputo vidogo vilivyonasa ndani. Vinakwenda na mzunguko, vinasimama, halafu vinarudi nyuma kidogo. Asali ni nzito lakini haifanyi hivyo. Sabuni hii inavutika na kurudi kama mpira.

Kwa nini

Molekuli ya slesi ina mkia unaokimbia maji na kichwa chenye chaji hasi kinachoyapenda. Zikiwa nyingi majini zinajikusanya, mikia ndani, vichwa nje. Vikundi hivyo ndivyo miseli, wazo ambalo mkemia James McBain alilitoa mwaka 1913 na wengi hawakulikubali mara moja. Vichwa vyote vina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana, na kila kimoja kinadai nafasi kubwa. Umbo pekee linalowapa vichwa nafasi hiyo ni tufe dogo. Matufe hupishana bila shida, ndiyo maana sabuni ni nyepesi.

Chumvi inaleta ioni za sodiamu zenye chaji chanya, zinazojazana kuzunguka vichwa na kufifisha ugomvi wao. Kwa gramu 5.8 tu kwa lita, umbali ambao chaji moja inaihisi nyingine hushuka hadi nanomita 1 hivi. Kwa ndugu yake slesi, yaani sodiamu dodesili salfeti, kiwango cha kuanza kuunda miseli hushuka kutoka milimoli 8 hivi kwa lita hadi karibu 1.5 kwa kiasi hichohicho cha chumvi. Vichwa vikikubali kukaa karibu, tufe si umbo linalofaa tena. Wanasayansi Israelachvili, Mitchell na Ninham waliliweka jambo hili kwenye hesabu mwaka 1976: nafasi ya kichwa ikipungua, tufe linakuwa fito, na fito inarefuka kuwa uzi unaopindapinda. Nyuzi zikirefuka zinasokotana kama tambi sufuriani, na ndipo gololi inapokwama. Tofauti na tambi, hizi zinakatika na kuungana tena zenyewe kila wakati.

Na baada ya kilele? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nyuzi zinaanza kuota matawi, na maungio ya matawi hayo yanaweza kuteleza kwenye uzi. Mvutano unapata pa kutokea, mnato unaanguka.

Ukizidisha chumvi, basi, dawa si chumvi zaidi. Nilichukua ile ya gramu 80, nikaiongezea maji kidogo kidogo, ikawa nzito. Jirani aliyekuwa akitazama aliondoka akiamini nimemfanyia kiinimacho.

Yaliyobaki

Nimejaribu CDE kidogo, kiungo kingine cha kuongeza uzito wa sabuni, na kilele kimekuja mapema, kwa chumvi pungufu. Inaingia katikati ya vichwa bila kuleta chaji, kwa hiyo inafanya sehemu ya kazi ya chumvi. Joto nalo ni adui: chupa iliyokuwa nzito alfajiri inalegea saa nane mchana kwa sababu nyuzi zinafupika. Siku hizi napima asubuhi tu, la sivyo nalinganisha jua, si chumvi.

Chumvi ya mawe isiyosafishwa bado sijaipima. Ina magnesiamu na kalsiamu, ambazo ioni zake zina chaji mbili na hutuliza vichwa kwa nguvu kuliko sodiamu, kwa hiyo natarajia kilele kisogee. Pafyumu inafuata baada ya hapo, maana mafuta yake huingia ndani ya miseli na yanaweza kukisogeza kilele upande wowote. Namba zangu zisichukuliwe kama fomula. Slesi ya kiwanda kingine huja na chumvi yake ndani. Anza na gramu 20 kwa lita, kisha ongeza tano tano.