Kwani mengine yamefungwa?

Jana tukitazama tenisi mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, kwa nini wanaita US Open? Kwani mengine yamefungwa?" Nilicheka, ila swali lina maana. Kabla ya 1968 mashindano makubwa ya tenisi yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu, waliolipwa walizuiwa. Mwaka huo mlango ukafunguliwa kwa wote.

Hakuridhika. "Na Open University?" Hapo pia ni mlango, ila sisi tulisema Chuo Kikuu Huria (cha kwetu Tanzania kilianzishwa 1992), na kwa maoni yangu tumewashinda wenye lugha yao.

Kuhusu dada yake anayejisifu "mimi niko open" huku simu kaificha chini ya mto, nilimwambia akamuulize mama yao 😂