Jua la baada ya mvua: kupanda Lushoto wakati wa masika

Tanga mjini hadi Mombo ni mkonge, Muheza, Segera, Korogwe, na mkonge tena. Safari yenyewe huanzia Mombo, basi linapoiacha barabara kuu na kuanza kuukwea Usambara, kona juu ya kona, kilomita 30 na ushee hadi Lushoto.

Ilikuwa Aprili. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi jua likawaka na abiria wakachangamka. Kabla ya Soni tukakuta magari yamesimama: ngema imemeguka, udongo mwekundu umelala barabarani pamoja na migomba yake. Wanakijiji walishaanza kuuondoa kwa majembe na makoleo. Tukashuka kusaidia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usisimame hapo chini."

Nikamwambia mvua si imeshakatika? "Imekatika angani," akasema. "Ardhini maji bado yanashuka."

Nilimwamini kuliko nilivyoliamini lile jua. Maji yakizama yakakuta tabaka gumu, hujikusanya hapo. Udongo wa juu unakuwa mzito huku mshiko wake ukilegea. Ndiyo maana mlima huweza kuporomoka saa nyingi, hata siku kadhaa, baada ya mvua. Theluji ya milima ya Alps nayo ina tabia hiyo baridi inapoisha: jua huyeyusha ya juu, maji yanapenya na kulegeza matabaka, na hatari kubwa huwa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Wapanda milima wa kule huondoka usiku, theluji ikiwa imeganda, wakateremka kabla jua halijakolea. Udongo wetu haugandi usiku. Ukishashiba maji, alfajiri na adhuhuri ni mamoja.

Mzee akanipandisha pembeni kunionyesha: ufa mrefu juu ya shamba la maharage, miti iliyoinamia bondeni, chemchemi iliyokuwa safi sasa inatoa tope. Chini yake kuna nyumba. Nikaikumbuka Hanang, 3 Desemba 2023, tope lilipoushukia mji wa Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Moyo ukanienda mbio.

Majirani walishakubali kwenda kulala kwa ndugu. Mama mmoja tu alikataa, hawezi kuwaacha mbuzi wake. Konda alikuwa anapiga honi, lakini vijana wawili wa basi letu walishashuka bondeni kumsaidia kuwaswaga hadi kwa shemeji yake, ng'ambo ya pili.